Nathan Cobb, Mjuzi wa Vinyoo vya Udongo

Tukiulizwa habari za watu mashuhuri, wengi wetu tutataja wafalme, majemadari na wasafiri. Ni wachache watakaomtaja mtu aliyetumia miaka yake mingi kutazama vinyoo vyembamba kuliko uzi wa nguo. Walakini mtu huyo alikuwako. Jina lake Nathan Augustus Cobb, na kila ajifunzaye elimu ya udongo hulikuta jina hilo mapema. Nimependa kuwaandikia wanafunzi, na wenzangu tuliokwisha kumaliza shule, habari za maisha yake, kwa sababu kazi yake yatuhusu sisi watu wa Kigali kuliko tudhanivyo. Kazi yangu mimi ni kuwashauri wakulima wa vilima vinavyouzunguka mji huu. Adui mmoja mkubwa wa migomba ya Afrika ya Mashariki alipewa jina na Bwana Cobb zaidi ya miaka mia iliyopita, na ndugu wa adui huyo nakutana naye mashambani karibu kila msimu.

Kwanza yafaa nieleze vinyoo hivi ni vitu gani. Si nyungunyungu, yule mnene tumwonaye tukilima baada ya mvua. Wataalamu huviita nematodi. Chango akaaye tumboni mwa mtu ni wa ukoo huo, lakini vile vya udongoni vingi havifiki hata urefu wa milimita moja, tena rangi yake ni kama ya maji, hata ukivishika kiganjani huvioni. Katika konzi moja ya udongo wa shamba vyaweza kuwamo mamia au maelfu. Vipo vilavyo bakteria, vipo vilavyo ukungu, vipo vilavyo vinyoo vingine, na vipo vyenye mdomo mfano wa sindano, ambavyo hutoboa mizizi ya mimea na kuinyonya. Hivi vya mwisho ndivyo adui wa mkulima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mgomba mambo ni hayo hayo, maana kiulacho mgomba ki mizizini mwake.

Bwana Cobb alizaliwa tarehe 30 Juni, 1859, katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikulia katika kazi za shamba, na mali ya kusomea hakuwa nayo, hata ikambidi afanye kazi ili ajilipie masomo katika chuo cha ufundi cha mji wa Worcester. Alihitimu mwaka 1881 katika elimu ya kemia. Mwaka ule ule alimwoa Alice Proctor, akaanza ualimu katika shule iitwayo Williston, na huko alifundisha miaka sita. Walimu wetu watafurahi kusikia kwamba mjuzi huyu naye alianza kwa kushika chaki.

Mwaka 1887 aliacha ualimu, akavuka bahari pamoja na mkewe na watoto wadogo, akaenda Jena, Ujerumani, kusoma kwa Profesa Ernst Haeckel, aliyekuwa na sifa kubwa wakati ule katika elimu ya viumbe. Huko ndiko alikoshikamana na vinyoo. Mwaka 1888 alipata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake juu ya nematodi waliotoka mwilini mwa nyangumi. Kisha akafanya kazi kwa muda katika kituo cha kuchunguza viumbe vya baharini huko Naples, Italia.

Mwaka 1889 jamaa hii ilihamia Sydney, Australia. Daktari mpya hakupata mara moja kazi ya elimu yake, akashika kazi ya biashara ili watoto wale. Hakuona haya. Mwaka uliofuata serikali ya New South Wales ilimwajiri katika Idara ya Kilimo awe mtaalamu wa magonjwa ya mimea, na husemwa kwamba alikuwa mtu wa kwanza katika Australia kufanya kazi hiyo peke yake, bila kuchanganya na nyingine. Alichunguza kutu ya ngano na maradhi ya miwa, hata ugonjwa mmoja wa muwa ukaitwa kwa jina lake.

Katika miaka hiyo alichunguza mizizi ya migomba iliyotoka visiwa vya Fiji. Ndani ya mizizi ile alikuta kinyoo, na mwaka 1893 akakieleza na kukipa jina. Leo wataalamu hukiita Radopholus similis. Kinyoo hiki huingia ndani ya mzizi, hutembea humo kikila na kutaga mayai, na katika nchi ya joto watoto wake hukomaa na kuzaa tena kwa muda wa majuma matatu au zaidi kidogo. Mzizi huwa mwekundu wa kahawia, kisha mweusi, halafu huoza. Mgomba usio na mizizi ni kama nguzo iliyosimikwa juu ya mchanga. Kinyoo hicho hicho ndicho kilichoua mamilioni ya mipilipili manga katika kisiwa cha Bangka, Indonesia.

Hapa Afrika ya Mashariki kimeenea zaidi katika sehemu za chini, zenye joto. Rwanda ni nchi ya vilima na ubaridi, kwa hiyo aliye mwingi zaidi katika migomba yetu ni kinyoo kingine cha ukoo ule ule, Pratylenchus goodeyi, ambacho baridi ya milimani hakiiogopi. Mkulima huamka asubuhi akaona mgomba wenye mkungu mkubwa umelala chini, mizizi juu. Husema ni upepo. Mimi humwomba panga, nikapasua mzizi mmoja kwa urefu mbele yake, na weusi ulio ndani humwonyesha kwamba upepo ulimaliza tu kazi iliyoanzwa na wengine. Mkungu ukianguka kabla ya kukomaa haufai kupikwa, haufai kwa urwagwa, wala hakuna atakayeununua katika soko la Kimironko. Na kwa jamaa nyingi mkungu ule ndio sabuni, ndio dawa, ndio karo ya mtoto.

Turudi kwa Bwana Cobb. Mwaka 1905 alikwenda Hawaii, katika kituo cha utafiti cha chama cha wenye mashamba ya miwa. Huko wataalamu walikuwa wakipigana na wadudu waharibifu kwa njia ya pekee. Walisafiri nchi za mbali kutafuta wadudu wengine wenye kuwala wale waharibifu, wakawaleta na kuwafungulia mashambani. Dawa ya moto ni moto. Njia hiyo ilikwisha kupata sifa kubwa tangu mwaka 1889, pale kidudu kidogo chekundu chenye mabaka meusi, kilicholetwa kutoka Australia, kilipoiokoa michungwa ya California na wadudu wanyonyao utomvu.

Mwaka 1907, mwaka ule ule ambao Dakta Richard Kandt alianzisha mji wa Kigali, Bwana Cobb aliingia Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Washington. Kwanza alishughulika na pamba, akapanga vipimo vya madaraja yake ili mkulima na mnunuzi wasidanganyane. Baadaye alipata nafasi ya kurudi kwa vinyoo vyake. Karibu na mwaka 1914 alitoa shauri kwamba elimu hiyo iwe na jina lake yenyewe, nematolojia, isiwe tena kijitawi cha elimu ya minyoo ya matumboni.

Kabla yake, mtu aliyetaka kuvijua vinyoo vya udongo alipata taabu ya kuvitoa. Yeye alionyesha njia ambayo hata mwanafunzi aweza kuifanya. Udongo hutiwa katika ndoo ya maji na kukorogwa. Mchanga mzito huachwa utuame kwa kitambo kidogo, kisha maji yenye vinyoo humiminwa katika chekecheke, kwanza lenye matundu makubwa, halafu lenye matundu madogo zaidi, mpaka vinyoo vibaki juu yake. Njia hiyo aliieleza mwaka 1918, na mpaka leo hutumiwa katika vyumba vya uchunguzi. Tena alibuni kibao cha madini cha kuwekea kinyoo chini ya hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, ili kiweze kutazamwa upande wa juu na upande wa chini pia. Kwa vyombo hivyo yeye na wasaidizi wake walieleza aina zaidi ya 1000 za vinyoo. Alipohesabu, alikuta kwamba ekari moja ya shamba yaweza kuwa na maelfu ya mamilioni.

Katika kuhesabu huko aliona kwamba vinyoo si taifa moja. Ipo jamii iitwayo mononki, yenye kinywa kipana na jino kubwa ndani yake. Alipowatazama matumboni alikuta mabaki ya vinyoo vingine. Mwaka 1917 alitoa maandishi marefu juu yao, na mwaka 1920 akatoa shauri lake kubwa, kwamba mononki wahamishwe kutoka udongo wenye kuwa nao wengi hadi udongo wenye kuwakosa, wakawale vinyoo viharibuvyo mizizi. Mwaka 1922 wenzake wawili, mmoja wao Gotthold Steiner, walieleza habari za mononki mmoja aliyekula vinyoo 1332 vya mizizi katika maisha yake. Msomaji atafahamu jinsi hesabu hiyo ilivyowatia watu matumaini.

Hapa hapana budi nieleze ukweli mzima. Mononki hawakuleta ushindi uliotumainiwa. Mwaka 1927 Gerald Thorne alitoa habari za uchunguzi wake katika mashamba ya viazisukari ya Utah. Aliona kwamba mononki huongezeka na kupungua kwa sababu zao wenyewe, wala adui hawapungui kwa hakika pale mononki wanapokuwa wengi. Sababu zake zaeleweka. Mononki hula chochote kinachopita, adui na asiye adui, hata mononki mwenzake. Huzaa polepole, na udongo ukibadilika kidogo hufa upesi. Linganisheni na habari ya mihogo. Katika miaka ya 1980 nyigu mdogo kutoka Paraguay aliletwa Afrika kuwala wadudu weupe waliokuwa wakiangamiza mihogo, akaokoa chakula cha mamilioni ya watu. Lakini nyigu yule ana windo moja tu, humtafuta huyo huyo na kumwacha kila mwingine. Mononki hana uchaguzi huo.

Bwana Cobb hakuacha kazi. Pamoja na wenzake alichunguza pia vinyoo viishivyo ndani ya panzi na kuwaua, na maandishi yao juu ya hivyo yalitoka mwaka 1923. Mwaka 1929 Rudolf Glaser alikuta huko New Jersey kinyoo kiuacho mbawakavu waharibifu, na Steiner ndiye aliyekipa jina. Baada ya miaka michache Glaser aliweza kukizalisha kwa wingi na kukijaribu mashambani. Bwana Cobb alifariki tarehe 4 Juni, 1932, mjini Baltimore, akiwa na umri wa miaka 72, kazi yake ikiwa bado mkononi.

Baada ya kifo chake wenye mashamba makubwa walishika njia nyingine. Mwaka 1943, huko huko Hawaii, ilijulikana kwamba dawa moja ya mvuke ikitiwa ardhini huua vinyoo katika mashamba ya mananasi. Zikafuata nyingine. Moja iitwayo DBCP ilitumiwa sana katika mashamba makubwa ya migomba ya Amerika ya Kati. Mwaka 1977 ikabainika kwamba wanaume waliokuwa wakiitengeneza kiwandani California wamekuwa tasa, na mwaka 1979 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yake yote. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya migomba nao walidai mbele ya mahakama kwamba wamepatwa na madhara hayo hayo. Mimi nikisoma habari hizo hufikiri juu ya mkulima wetu, ambaye hunyunyiza dawa bila glavu wala viatu, mtoto akiwa mgongoni mwa mamaye hatua tano kutoka pale. Tena sumu ya namna hiyo haichagui. Huua kinyoo kinyonyacho mzizi, na huua pia kile ambacho kingemla.

Kwa hiyo watu wamerudi katika njia aliyoitafuta Bwana Cobb, lakini sasa hutafuta marafiki wenye windo lao maalumu. Ipo bakteria iitwayo Pasteuria ambayo hung'ang'ania ngozi ya kinyoo kifanyacho vinundu katika mizizi ya nyanya, ikaingia ndani, ikamzuia jike asizae. Upo ukungu ulao mayai ya vinyoo, na upo ukungu utegao mitego mfano wa vitanzi na kuvinasa. Katika Uganda na Kenya wataalamu wamejaribu kuitia miche ya migomba ukungu usiodhuru, ambao hukaa ndani ya mizizi na kuisaidia kupambana na adui. Hapa Rwanda, katika karne hii, kituo cha utafiti wa kilimo cha Rubona, kule Huye, kwa kusaidiana na shirika la CABI, kilitafuta katika udongo wa nchi yetu vinyoo viuavyo wadudu, na watu wetu wakajifunza kuvizalisha. Hivyo ni vinyoo vya Rwanda, vilivyozoea vilima vya Rwanda, vinavyotumwa kuwaua mabuu yalayo mizizi ya mazao.

Wakulima huniuliza, basi tufanye nini leo, maana hatuna chumba cha uchunguzi? Huwajibu kwamba lililo la kwanza ni kutomkaribisha adui nyumbani. Kinyoo cha mgomba hakisafiri mbali kwa nguvu zake, husafirishwa na mtu aombaye chipukizi kwa jirani. Chipukizi lisitolewe katika shamba ambalo migomba yake huanguka, wala katika shamba lenye mnyauko. Kabla ya kulipanda, mizizi yote ikatwe na tunguu lake limenywe kwa kisu mpaka libaki jeupe, kisha litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde 30 tu. Kisu nacho kipitishwe motoni kabla ya kushika chipukizi jingine. Miche iliyokuzwa katika maabara ni bora zaidi kwa awezaye kuipata, lakini ikipandwa katika udongo wenye adui tele itashambuliwa kama mingine.

Jambo la pili ni kuwalisha marafiki walioko tayari. Samadi, mboji na matandazo ya majani makavu hulisha bakteria na ukungu, nao huwa chakula cha viumbe wengine, wakiwamo mononki wa Bwana Cobb. Udongo wenye uhai mwingi hautaangamiza adui wote, lakini mgomba uliolishwa vizuri hutoa mizizi mipya badala ya ile iliyoliwa, na mara nyingi husimama mpaka mkungu ukomae. Mkulima wa kilimo hai haahidiwi shamba lisilo na kinyoo. Akipata mkungu uliokomaa atakuwa amekwisha shinda.

Kwa maoni yangu, hili ndilo la kukumbukwa katika maisha ya mtu huyu. Shauri lake la kuhamisha mononki halikufaulu, lakini alitufundisha kutazama na kuhesabu kabla ya kuua, na kwa kufanya hivyo tulijua kwamba chini ya miguu yetu kuna adui wachache kati ya wengi wasio na hatia. Kama angesema tu kwamba vinyoo vyote ni vibaya, tungeendelea kumwaga sumu bila kuuliza.

Sasa nina ombi kwa wanafunzi wa kidato chochote wenye bustani. Chimbeni kando ya mgomba ulioanguka na kando ya mgomba uliosimama. Katika kila mmoja kateni vipande vitano vya mizizi, kila kipande urefu wa sentimita 10, mvipasue kwa urefu, mkaandike ni sehemu gani iliyo nyeusi. Kisha korogeni udongo wa mahali hapo katika ndoo kwa njia niliyoieleza hapo juu, mkamwombe mwalimu wa elimu ya viumbe hadubini ya shule. Mtakachokiona kiandikwe pamoja na tarehe na mahali. Kama mkifanya hivyo kila muhula kwa miaka mitatu, mtakuwa na habari za udongo wa shule yenu ambazo hazimo katika kitabu chochote, nami nitafurahi kuja kuzisoma na kuwasaidia kuhesabu.